Ngara na Biharamulo: faili nene halijawa chuo

Najua wengine mnasoma hapa huku saa ya kafe inakimbia na mwenye kafe anawaangalia jicho la pembeni, kwa hiyo sizunguki.

Kuna dada mmoja wa Nyakahura, wilaya ya Biharamulo, jina lake nalihifadhi. Alimaliza kidato cha nne, matokeo yakawa yale ya kwetu wengi, mama yake akauza mbuzi na mahindi akampeleka kwenye kituo kimoja kinachofundisha kuchomea vyuma. Mwaka mzima. Kuchomea anajua, mageti yake nimeyaona kwa macho yangu, mshono umenyooka kama umechorwa kwa rula. Ziliposambaa habari za kazi za bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima hadi Tanga, ambalo likishaingia Kagera linapita Missenyi, Bukoba Vijijini, Muleba na Biharamulo, naye akaenda kupanga foleni na bahasha yake kwa mkandarasi mmoja. Aliyekuwa anapokea karatasi akakiangalia cheti, akakigeuza nyuma, akamuuliza: "Hiki kimetolewa na nani?" Dada akataja kituo. "Kimesajiliwa?" Hapo dada akanyamaza. Hakuwahi kujua kwamba chuo nacho kinatakiwa kuwa na cheti chake.

Siku zile zile na mimi nilikuwa upande wa pili wa shilingi. Mzee mmoja fundi wa hapa Ngara, mwenye karakana ya kuchomea na chumba cha cherehani, aliniita nimsaidie kuandaa maombi ya kusajili kituo chake. Mimi siyo mtaalamu wa elimu, ila najua kuchapa na najua kutafuta vitu kwenye mtandao, na hapa kwetu hiyo tayari ni taaluma. Tuliandaa maombi mara mbili. Mara ya kwanza tuliaibika. Nataka niwasimulie aibu yenyewe, maana ndani yake ndiyo kuna mada ya leo.

Kwanza tuwekane sawa kuhusu nani anamsajili nani, maana hata wenye vituo wanachanganya. VETA ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1994. Kwa miaka mingi VETA ilikuwa na vyuo vyake yenyewe, na wakati huo huo ndiyo iliyosajili na kukagua vyuo vya watu wengine: vya makanisa, vya mashirika, vya watu binafsi. Kwa lugha ya mpira, mchezaji na refa ni mtu mmoja. Pembeni kulikuwa na NACTE, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1997, yenyewe ikiangalia vyuo vya ufundi vya ngazi ya cheti na diploma. Mwaka 2021 sheria ikabadilishwa, NACTE ikawa NACTVET, yaani Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, na kazi ya kusajili na kusimamia ubora wa vyuo vya ufundi stadi ikahamia huko. VETA ikabaki na kazi ya kufundisha. Yaani leo hata chuo cha VETA chenyewe kinakaguliwa na mtu mwingine, na kwa maoni yangu hilo ni jambo la maana ambalo halikupigiwa kelele za kutosha. Zamani mwenye kituo kidogo akikataliwa alikuwa na kisingizio cha kusema ananyimwa na mshindani wake. Sasa kisingizio hicho kimekwisha, na kazi imebaki kwetu.

Usajili wenyewe una ngazi. Kuna usajili wa awali, kuna usajili kamili, halafu kuna ithibati, ambayo ndiyo muhuri wa ubora hasa: pale unakubalika kwamba chuo kinajisimamia, kinajitathmini chenyewe na kurekebisha makosa yake bila kusubiri mkaguzi abishe hodi. Wapo wanaotafuta na vyeti vya kimataifa, kuna kiwango cha ISO 21001 kilichotolewa mwaka 2018 kwa ajili ya taasisi za elimu. Hicho ni cha hiari. Ukiwa nacho halafu huna usajili wa nchini ni sawa na kuvaa tai bila shati.

Kwa mwanafunzi faida ya yote haya ni moja: akisoma kwenye kituo kilichosajiliwa anaweza kufanya upimaji wa kitaifa na kupata tuzo ya taifa ya ufundi stadi, ile ya ngazi ya kwanza mpaka ya tatu iliyokuja kuchukua nafasi ya mitihani ya zamani ya "grade". Karatasi hiyo inasomeka Ngara, inasomeka Kahama na Dar. Karatasi aliyopewa dada wa Nyakahura inasomeka kwa aliyeitia saini tu.

Sasa kwa nini nalia na wilaya hizi mbili? Angalieni kilichotuzunguka. Nikeli ya Kabanga imejulikana tangu utafiti wa miaka ya 1970, kampuni zimekuja na kuondoka, baba zetu wamezeeka wakisikia "mgodi unakuja". Januari 2021 Serikali ilisaini mkataba na wawekezaji, ikaundwa Tembo Nickel ambamo Serikali ina asilimia 16, na Oktoba mwaka huo ikatolewa leseni maalumu ya uchimbaji. Pale Rusumo kumejengwa mtambo wa umeme wa maji wa megawati 80, wa nchi tatu: sisi, Rwanda na Burundi. Biharamulo wana mgodi wa dhahabu wa iliyokuwa Tulawaka, ambao mwaka 2013 ulichukuliwa na STAMICO ukawa STAMIGOLD. Na bomba ndiyo hilo nimeshalitaja. Kanuni za mwaka 2018 za ushirikishwaji wa Watanzania kwenye madini zinasema wazi kwamba kampuni itoe kipaumbele kwa Mtanzania mwenye sifa. Someni tena hayo maneno mawili ya mwisho. Vijiweni tunabishana sana juu ya "Mtanzania", nani mzawa, nani kaja na basi la jana kutoka mkoa mwingine. "Mwenye sifa" hatuligusi. Anayekuja na basi la jana anakuja na cheti chenye namba. Sisi tunabaki kusema wageni wametunyang'anya kazi.

Tena Ngara tuna historia yetu na vyeti. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu zaidi ya 200,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo ndani ya muda wa siku moja hivi. Benaco ikawa kama jiji. Wanyarwanda waliporudi mwishoni mwa 1996, kambi za Warundi zikaendelea, Lukole ilikuja kufungwa mwaka 2008. Miaka yote hiyo mashirika yalijaa hapa, na kila shirika lilikuwa na semina, na kila semina ilikuwa na cheti. Nendeni majumbani mwenu mkaangalie ukutani. Cheti cha kuhudhuria siku tatu, cheti cha kuhudhuria wiki mbili, chenye nembo ya rangi na saini ya mzungu ambaye alishaondoka zamani. Simdharau mtu, mzee wangu huyo fundi naye alishika mashine ya kuchomea kwa mara ya kwanza kwenye mafunzo ya enzi zile za kambi, na familia nzima imekula kupitia hapo. Lakini tulizoea kwamba cheti ni zawadi ya kumaliza semina. Wazo kwamba nyuma ya cheti kuna mtu anayeweza kuja kuuliza "mlimfundisha nini, lini, na nani alimpima" lilikuwa geni kwetu. Nadhani bado ni geni.

Haya, turudi kwenye faili.

Mara ya kwanza nilifanya walichofanya wengi. Niliingia mtandaoni, nikapata maombi ya chuo kimoja kikubwa cha mkoa mwingine, nikapakua, nikabadilisha jina. Mpango mkakati wa miaka mitano, sera ya ubora, sera ya jinsia, muundo wa utawala wenye mkuu wa chuo, makamu wawili, mkuu wa taaluma, mshauri wa wanafunzi. Karakana yenyewe ina mzee, kijana wake, na mama mmoja wa cherehani. Faili likafika kurasa tisini na kitu. Tukalifunga kwa ile plastiki ya ond, likawa zito kama tofali, mzee akalishika mikononi akatabasamu, akaniambia, "Mwanangu, sasa hiki ni chuo."

Wakaguzi walipokuja hawakuanza na faili. Walianza na kijana mmoja aliyekuwa anakata nondo. Wakamuuliza jana alijifunza nini. Akasema jana hakukuwa na umeme, alibeba mchanga. Wakauliza rejesta ya mahudhurio, mzee akatoa daftari la madeni, maana humo ndimo alimoandika nani kalipa na nani hajalipa, na kichwani mwake hayo ndiyo mahudhurio. Faili lilisema mashine za kuchomea sita. Zilikuwepo tatu, moja mbovu, nyingine imepelekwa Kahama kutengenezwa. Faili lilisema kila mwanafunzi ana ngao ya uso. Kulikuwa na miwani myeusi ya jua miwili na ngao moja inayopokezanwa. Halafu mkaguzi mmoja, mpole sana, akafungua ukurasa fulani akasoma kwa sauti kwamba chuo kina mabweni ya wanafunzi mia mbili na upepo mwanana wa bahari. Ngara, wadau! Bahari! Sikujua niangalie wapi. Nilikuwa nimebadilisha jina la chuo, nikasahau kubadilisha upepo.

Hawakutugombeza. Waliandika upungufu mmoja mmoja, wakamsomea mzee, wakamwachia nakala. Alichosema yule mpole wakati wa kuaga nimekishika mpaka leo. Alisema faili siyo linalosajiliwa, linalosajiliwa ni hiki kilichopo hapa, na kila mstari wa faili anatakiwa aweze kuuonyesha kwa kidole.

Kwa kweli nilipofika nyumbani nilikasirika. Nilitaka kuandika makala humu ya kuwashambulia, nikatafuta na kichwa cha habari kikali. Kilichonizuia ni yule dada wa Nyakahura. Kituo chake nacho kilikuwa na makaratasi mazuri tu ukutani.

Kwa hiyo tukaanza upya, safari hii kwa njia ya kidole. Tulikaa na mzee karakanani siku nne, nikaandika kile tu alichoweza kunionyesha. Hapo ndipo nilipojua kwamba kumbe kilichokuwepo ni kingi kuliko uongo tuliouandika. Mzee anao mtaala kichwani. Mwezi wa kwanza kijana haruhusiwi kugusa mashine: anapima, anakata, anapiga msasa, anajifunza majina ya vyuma na unene wake. Mwezi wa pili anachomea vipande vya taka mpaka mshono ukae. Baada ya hapo anaingia kwenye madirisha, halafu mageti, mwisho kabisa matenki ya maji, kwa sababu tenki likivuja mteja anarudi na matusi. Ana na kipimo chake: anamwaga maji, anasubiri usiku mzima, asubuhi anapitisha kidole. Hiyo ndiyo ile wanayoiita mafunzo ya umahiri, kwamba mwanafunzi anapimwa kwa anachoweza kufanya na siyo kwa siku alizokaa darasani. Mzee anaifanya miaka yote, hakuwahi kujua kama ina jina. Kazi yetu ilikuwa kuchukua hicho kilichomo kichwani, kukipanga, na kukilinganisha na mtaala rasmi wa fani hiyo ili kuona wapi anapungukiwa. Alipungukiwa pawili: usomaji wa michoro na usalama kazini. Tukaandika hivyo hivyo kwamba anapungukiwa, na kwamba mwalimu fulani wa sekondari ya jirani atakuja mara mbili kwa wiki kufundisha michoro, na barua yake ya kukubali tukaiambatanisha.

Hapa nataka nisisitize kwa wale mnaoandaa maombi ya namna hii, iwe cherehani, kompyuta, udereva au mapishi. Watu wanaogopa kuandika upungufu. Mimi baada ya aibu ile naona kinyume. Upungufu ulioandikwa pamoja na jina la mtu atakayeuziba, tarehe na pesa itakayotumika unamwonyesha mkaguzi kwamba mnajiona. Ule mliouficha ataugundua mwenyewe kabla chai haijapoa, na kuanzia hapo hata yale ya kweli hatayaamini.

Nyaraka nyingine ni za kawaida, nazipita haraka: usajili wa jina BRELA au wa taasisi kama ni ya dini, namba ya mlipa kodi, uthibitisho wa eneo, taarifa ya afisa afya kuhusu vyoo na maji, mambo ya Zimamoto, vyeti vya walimu na mikataba yao, orodha ya vifaa, hesabu za fedha. Maombi siku hizi yanapita mtandaoni, kwa hiyo skani vizuri, zile picha za simu zenye kivuli cha kidole na kona ya meza zinatia aibu. Orodha kamili ya sasa hivi ichukueni NACTVET wenyewe, kwenye tovuti yao au ofisi yao ya kanda Mwanza, msichukue kwa rafiki aliyesajili enzi za VETA.

Mawili kati ya hayo lakini siwezi kuyapita haraka, kwa sababu ndiyo yanayowaangusha watu wa huku.

La kwanza ni eneo. Karakana nyingi za Ngara na Biharamulo ziko kwenye ardhi ambayo kila mtu mtaani anajua ni ya nani, ila haina karatasi. Babu alimpa baba, baba akampa mtoto, mashahidi ni migomba. Mzee wangu alikuwa na karatasi moja ya mauziano iliyoandikwa kwa kalamu, nusu imeliwa na mchwa. Tulizunguka serikali ya kijiji na ofisi ya ardhi wiki tatu ndiyo tukapata maandishi ya kueleweka. Hiyo kazi ianzeni kabla ya yote. Ukianza na mtaala ukamalizia na ardhi, mtaala utazeeka mezani.

La pili ni walimu, na hapa na mimi nina ugomvi kidogo na mfumo. Kujua kazi na kujua kufundisha kazi ni vitu viwili, hilo nakubali. Mwalimu wa ufundi stadi anatakiwa awe na mafunzo ya ualimu, na chuo kinachojulikana kwa hilo ni kile cha Morogoro. Sasa mchukue mzee wa miaka hamsini na tisa, mwenye karakana inayolisha watu kumi na mbili, umwambie afunge aende Morogoro. Ataenda? Hawezi. Matokeo yake vituo vidogo vinafanya ujanja ambao kila mtu anaujua: vinaazima vyeti. Kijana aliyesoma anaweka cheti chake kwenye faili, analipwa kidogo, na karakanani hajulikani hata sura. Kwa njia ya kidole ujanja huo unaanguka siku ya kwanza, mkaguzi akisema tu "mwite". Lakini adhabu anaipata nani? Siyo mwenye cheti cha kuazima. Ni yule mtoto aliyelipa ada kwa mbuzi.

Tulichofanya sisi ni hiki. Kijana wa mzee, mwenye umri wa kwenda shule, ndiye atakayekwenda kusomea ualimu. Mzee mwenyewe tukampeleka kwenye ule utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, ambao VETA wameuendesha kwa miaka sasa: fundi wa mtaani anahojiwa, anapimwa kwa vitendo, anaangaliwa kazi zake, wapi hajui anaelekezwa, akifaulu anapata cheti kinachotambulika. Jamani, msichanganye: cheti hicho kinasema yeye ni fundi, hakisemi yeye ni mwalimu. Nimeona watu wanakiweka kwenye maombi ya usajili kama uthibitisho wa ualimu halafu wanashangaa. Ila kwa mzee kilifanya kitu ambacho sikukitegemea. Tangu apimwe mwenyewe, naye kaanza kuwapima wanafunzi wake kwa maandishi. Ana daftari jipya, la bluu, na la madeni limehamia kabatini.

Kuna wanaosema, na nimewasikia hata kwenye basi la Nyakanazi, kwamba haya yote ni kuwanyanyasa wadogo, kwamba Serikali inajenga vyuo vyake vya VETA kila wilaya kwa hiyo inataka kuwafuta wa binafsi. Mimi sikubaliani, ingawa nawaelewa. Kweli vyuo vya Serikali vinajengwa, Bukoba kipo cha mkoa kilichojengwa kwa msaada wa China, na vya wilaya vinaendelea. Lakini piga hesabu ya vijana wa wilaya hizi mbili wanaomaliza shule kila mwaka, halafu angalia nauli na umbali. Kutoka Ngara mjini mpaka Bukoba unaondoka alfajiri unafika umechakaa. Vituo vidogo vitahitajika kwa miaka mingi ijayo, na sasa hata sekondari zimeanza mkondo wa amali, vijana wa ufundi watazidi. Malalamiko yangu mimi yako kwingine. Halmashauri zetu zina maafisa maendeleo ya jamii, zina maafisa biashara, zina asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa ajili ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kwa nini hakuna hata meza moja ya kuwasaidia wenye vituo kupanga makaratasi? Mzee wangu amelipa hela ya kuchapa, kuskani, nauli na picha inayotosha kununua ngao za uso kwa darasa zima. Vituo vitano vya jirani vingeweza kushirikiana mwalimu mmoja wa michoro na mkufunzi mmoja wa usalama, kwa mikataba halali inayoonekana, kuliko kila mmoja kuazima cheti chake gizani. Hili madiwani wanaweza kulifanya bila kusubiri Dodoma.

Halafu tuko mpakani, msisahau. Rwanda ng'ambo ya Rusumo, Burundi ng'ambo ya Kabanga. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010, na ndani yake kuna suala la nchi kutambuliana vyeti. Wakenya wana mamlaka yao ya kusajili na kukagua vyuo vya ufundi kwa sheria ya mwaka 2013, Wanyarwanda nao wana bodi yao. Kijana wa Kigali mwenye karatasi inayotambulika kwao ana pa kuanzia akija kutafuta kazi upande huu. Wa kwetu mwenye cheti cha ukutani hana pa kuanzia hata kwao Nyakahura.

Kwa nyinyi ambao hamna chuo wala hamtaki kuwa nacho, mnachotaka ni kusoma: kabla hamjalipa shilingi, ombeni namba ya usajili. Usiogope kuonekana mjuaji. Uliza ni usajili wa awali au kamili, uliza ni wa fani ipi, maana kuna kituo kimesajiliwa kwa cherehani kinafundisha na umeme wa majumbani humo humo. Namba hiyo ihakikishe NACTVET, uko kwenye intaneti tayari, dakika tano zinatosha. Wakikuambia "tuko kwenye mchakato", uliza tangu lini, na uombe uone barua. Mwenye kituo mkweli atakuonyesha. Mzee wangu siku hizi anaitoa mwenyewe kabla hajaulizwa, pamoja na ile karatasi ya upungufu, ameibandika mlangoni karibu na bei za mageti.

Faili letu la pili lilikuwa na kurasa thelathini na nne. Limeshatumwa. Hatujajibiwa mpaka naandika hapa, na sitaki kuwadanganya kwamba tumeshinda. Mashine ya Kahama imerudi, ngao zimefika nane kati ya kumi na mbili, mtungi wa kuzimia moto umetundikwa pale ambapo zamani lilitundikwa koti la mzee. Bahari haimo.

Na yule dada tumemshauri naye aombe kupimwa kwa utaratibu ule ule wa kurasimisha ujuzi. Anakusanya ushahidi wa kazi zake. Shida ni kwamba mageti aliyauza akaondoka, hakuwahi kupiga picha. Wadau wa Nyakahura na Lusahunga, nyinyi mnamjua. Kama una geti au dirisha lililotoka mkononi mwake, lipige picha ya mwanga mzuri, andika lilitengenezwa lini, umtumie.